Damas Aingia Kwenye Pipa

Tangu bani la kukaushia tumbaku liungue kule Usoke na kumwua kaka yake Alois mbele ya macho yake, Damas hakutulia mahali. Mkewe Flavia alimhamishia kwao Kwihara, kwa mama yake, akidhani labda atapoa. Wapi! Akipewa kigoda anasimama. Akisimama anazunguka ua, anajipepea kwa kofia, analalamika mwili unawaka, na huku ni kipupwe, watu wanaota moto.

Asubuhi moja alichovya mkono kwenye pipa la maji yaliyolala nje. Mkono ukatulia. Hakungoja, alivua shati, akajitosa mzima. Pumzi zikamkatika, kifua kikabana kana kwamba yumo ndani ya moshi, akaruka nje akipiga kelele.

"Unataka kufa?" Flavia alimfokea. "Kama ni lazima, anza na miguu. Na mimi niwepo."

Ikawa hivyo. Kila alfajiri miguu kwanza, baadaye magoti, hata akaweza kukaa maji yakimfika kifuani, akipumua polepole kama Flavia alivyomhimiza. Akitoka, alitulia kwa muda wa kunywa uji tu. Hakutosheka. Siku Flavia alipokwenda kuni, aliingia peke yake, asitoke.

Mama mkwe ndiye aliyemkuta, midomo imebadilika rangi, maneno hayatoki sawasawa. Mkwe hatazamwi akiwa mtupu. Mama yule alifumba macho, akapapasa hadi akamshika kwapani, akamvuta nje huku akiomba radhi. Alimfunika kanga, akamkalisha jikoni.

Damas alitetemeka hata meno yakagongana. Kisha akalia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Mjane wa Alois ananiita, mama. Eustadia. Anataka kujua mumewe alisema nini mwishoni."

"Basi mwambie."

"Aliitukana tumbaku, mama. Matusi ya nguoni!"

Mama mkwe alijiziba mdomo, lakini kicheko kilimtoka.

Juma lile lile Damas na Flavia walipanda treni kwenda Usoke, na kikapu cha viazi vitamu vilivyokaushwa, michembe ya mama. Damas alisimama dirishani njia nzima, akifungua na kufunga vifungo vya koti. Walipofika hakukaribia hata kiti. Aliyasema maneno ya Alois palepale mlangoni, neno kwa neno.

Eustadia alicheka, machozi yakimtiririka.

"Rudia, shemeji," akasema. "Rudia tena."