Mkwe Hashikwi

Selestini alikuwa chini ya shimo, kichwa kimezama chini ya usawa wa mchanga, aliposikia mama mkwe wake akikohoa ukingoni mwa mto. Kikohozi kile alikitambua kabla hata hajaiona ndoo. Alitupa koleo, akapanda upande wa pili kwa magoti na viwiko, akakimbilia nyuma ya vichaka bila kugeuka. Mkwe hutazamani naye, huongei naye, na kumshika ndiyo usiseme kabisa. Alikuwa amemwoa Apolonia, binti wa mama huyo, kwa miaka tisa, na kwa miaka yote hiyo sura ya mkwe huyo, mama Kwandu, aliijua kwa kusimuliwa tu. Huku Nkololo hakuna aliyeona ajabu, kwa kuwa hiyo ndiyo heshima yenyewe.

Tangu pampu ya kijiji ikose dizeli, watu wakaambiwa huduma sasa ni kuchangia, wanawake walikuwa wamerudi kuchota maji mtoni. Kiangazi mto ulikuwa mchanga mtupu, maji yamejificha chini, na aliyejua kuyafuata ni Selestini. Alichimba mdomo mpana kwanza, akashuka kwa ngazi, kisha akazungushia kuta fito zilizosukwa ili mchanga usishuke. Kazi aliijua vizuri. Nguvu ndizo alizonyimwa. Alikuwa kijitu kidogo, kifua kimebonyea, na kila akitoa ndoo kumi za mchanga ilibidi akae chini mpaka mikono iache kutetemeka. Hata kwenye jumuiya, akiambiwa aongoze sala, aliisema Baba Yetu kwa haraka akaketi, watu wakichekea viganjani. Naye alicheka pamoja nao, maana hakuwa mtu wa kununa.

Siku hiyo mtoni hapakuwa na watu. Zamani ushirika ulikuwa na siku yake inayojulikana ya kupima pamba, lakini sasa wanunuzi binafsi walikuja siku waliyojisikia, wakapiga honi, na kijiji kizima kikabeba magunia mbio. Gari lilikuwa limefika asubuhi. Aliyebaki na macho ya kuuona mto ni Selestini, na sasa mama mkwe wake.

Alikuwa bado anahema vichakani alipozikumbuka fito. Zilikuwa zimelala juu ya mchanga, pale pale alipoziacha. Ukuta wa upande wa juu haukuwa umezungushiwa kitu, na chini maji yalishaanza kuchuruzika. Mwenye ndoo angeshuka tu. Jambo dogo kama hilo mkwe hutuma mtu: kamwambie mama asiingie. Selestini alitazama huku na huku akitafuta wa kumtuma. Hapakuwa na mtu, hata mchunga ng'ombe. Alifungua mdomo aite, haya ikamshika, akaufunga. Hakusita muda mrefu, lakini ulitosha. Kilisikika kishindo kizito, kama gunia la pamba lililodondoka kutoka kwenye mkokoteni.

Alipofika ukingoni mwa shimo alimkuta Kwandu amefukiwa mpaka kwapani. Kilemba kimemtoka, ndoo haionekani, na mchanga ulikuwa bado unashuka kidogo kidogo kutoka juu. Mama alipomwona mkwewe aligeuza uso akautazama ukuta.

"Aambiwe asinishike," Kwandu aliuambia ukuta. "Aende akaite wanawake. Nisiwaletee mkosi watoto wa Apolonia."

Wanawake walikuwa kwenye mzani, ng'ambo ya mashamba. Kwenda na kurudi kungemkuta mama huyu amebaki mkono tu juu ya mchanga. Na Selestini, tuseme ukweli, naye aliuogopa mkosi ule. Alikuwa amebatizwa, anashika Jumapili, lakini maji ya ubatizo hayakuwa yameosha kila aliyoambiwa utotoni. Alijua wazee wanasema mkwe akishikwa, nyumba haisimami. Aliwaona watoto wake watatu kichwani, mmoja mmoja. Akapiga yowe lile la hatari, mara tatu, kwa pumzi yote aliyokuwa nayo. Kisha akaruka shimoni.

"Mayu," alimwambia, akimwita mama ana kwa ana kwa mara ya kwanza tangu aoe, "nakushika. Nisamehe."

Kwa Mungu nako alisema machache tu. "Mikono yangu unaijua. Nisaidie."

Aliupa mgongo ule ukuta mbovu, akajiingiza katikati ya mchanga na mama, akampitishia mikono chini ya kwapa na kumkumbatia. Kwandu alifumba macho na kukaza mwili. Mchanga mbichi haumwachii mtu kwa kuvutwa. Selestini alilijua hilo, hivyo hakuvuta. Alimtikisa taratibu, kulia na kushoto, ili maji yapenye miguuni, kisha akampandisha shibiri moja, akangoja. Ukuta ukashuka tena. Safari hii mchanga ulimpiga yeye mgongoni, akaukanyaga, akapanda juu yake na mzigo wake. Mikono ilianza kutetemeka. Hapo ndipo kila siku alipokaa chini.

Hakusikia sauti wala hakuona mwanga. Alichokiona ni kwamba kutetemeka kulipita, na mikono ikabaki pale ilipokuwa. Mchanga ulikuja mara ya tatu na ya nne; aliukanyaga, akatikisa, akapandisha shibiri nyingine. Alishangaa, katikati ya shida ile, jinsi moyo wake ulivyotulia. Hadi leo ukimwuliza nguvu zilitoka wapi, atakwambia zake anazijua, huishia ndoo ya kumi.

Wa kwanza kufika alikuwa Philomena, mwenyekiti wa jumuiya, gunia la pamba bado begani kwa kusahau. Nyuma yake walikuja wanawake wengine, kisha wanaume. Walipoona nani kamkumbatia nani, walisimama ghafla. Philomena hakusimama. Alilitupa gunia kwenye ufa wa ukuta, akaita fito, akaita makoleo, na katika muda mfupi watu wawili wale walitolewa wakiwa wameshikana, wamejaa mchanga mpaka kwenye nyusi.

Selestini alitaka kusema jambo moja kabla ya mengine yote.

"Nilijua ukuta haujazungushiwa. Niliona haya kuita, Mayu. Kosa ni langu."

Kwandu alikohoa mchanga, akatema. Kila mtu alingoja ageukie pembeni na kuuambia upepo.

"Hata mimi nilikuwa nimekaa kule juu tangu asubuhi," alisema. "Nilikuwa nangoja uondoke."

Kulikuwa na mzee mmoja aliyeanza kuuliza mbuzi gani atachinjwa kuitakasa nyumba ya Apolonia. Philomena alimwambia kwa heshima kwamba hilo watu watalizungumza, lakini kwanza waseme asante kwa Mungu, na sala aiongoze Selestini. Watu wakainamisha vichwa. Selestini alianza Baba Yetu kwa haraka yake ile ile, akakwama njiani. Alisema asante. Akasema tena asante, akalia mbele za watu, na safari hii hakuna aliyecheka.

Wakasogeza mkokoteni wampeleke mama nyumbani. Wanawake wawili walimwinua, na ndipo walipoona vidole vyake vimeng'ang'ania shati la Selestini, kifuani. Wakajaribu kumfungua kidole kimoja kimoja.

"Mayu, mmeshatoka," Philomena alimwambia kwa upole. "Mwachie sasa."

Kwandu aliinua uso, akamtazama mkwewe, akamtazama kwa muda mrefu, jua likiwa utosini na kijiji kizima kimesimama.

"Bado," alisema, akakunja vidole upya, akalishika shati vizuri zaidi.