Mzuka wa Nyayo za Maji

Msimamizi wake alikuwa mtu wa maneno machache, na siku ile aliyapunguza zaidi. Alifunua sura ya pili ya tasnifu, akapitisha kalamu juu ya jedwali lililojaza kurasa tatu, akauliza, "Haya yote nani kakwambia?"

Binti, mwanafunzi wake, akatazama viatu vyake. Jedwali lile lilikuwa limemlia miezi saba. Upande wa kushoto aliandika matukio kutoka filamu za mwongozaji aliyekuwa akimchunguza, yule ambaye watu wazima hutoka kwenye filamu zake wameshikana mikono. Upande wa kulia aliandika filamu za kutisha za nchi za mbali, ambazo aliamini ndimo mwongozaji alimochota. Mlango unaojifungua polepole, filamu ile. Kicheko nyuma ya ukuta, filamu hii.

"Zinafanana, mwalimu," akasema, sauti ikiishia kwenye kola ya blauzi yake.

"Hata mimi nafanana na muuza magazeti wa pale kona, na hatujuani. Aliziona lini? Wapi? Kikao cha kutetea tasnifu ni baada ya wiki tatu. Niletee shahidi. Usipompata, tafuta mada nyingine tuonane mwakani."

Mwakani ni neno jepesi mdomoni, lakini kwao lilikuwa zito. Nyumbani walisoma kwa zamu, kama watu wanaokunywa kwa kikombe kimoja. Mdogo wake wa kike alikuwa amemaliza sekondari, na huu ulikuwa mwaka wa pili anafagia ua na kusubiri dada mtu ashuke ili naye apande.

Alikuwa amemwandikia mwongozaji barua tatu. Jibu lilikuja moja, la mstari mmoja na nusu: "Wakati ule mimi sikuona kitu. Muulize dada yangu." Chini yake, mtaa na namba ya duka la ushonaji. Binti alidhani anafukuzwa kistaarabu, akaiweka kando. Sasa akaitoa tena. Mfa maji haachi kutapatapa.

Duka lilikuwa chumba kimoja chenye vyerehani viwili, kimoja kizima na kingine kimegeuzwa meza ya kuwekea pasi. Ukutani karatasi za vipimo zilining'inia kwenye misumari, kila moja imeandikwa jina la utani la mwenye mwili: Mabega, Bwana Kitambi, Mama Sina Kiuno. Fundi mwenyewe alikuwa mama mnene wa miaka sitini hivi, miwani imeshuka hadi ncha ya pua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tunapunguza au tunaongeza?"

"Si nguo. Nimekuja kwa utafiti."

"Utafiti hauvaliki, mwanangu. Lakini kaa."

Binti akakaa, akatoa karatasi yenye maswali ishirini na mawili, akaanza kusoma bila kuinua kichwa. "Swali la kwanza. Je, mwongozaji aliathiriwa kwa kiasi gani na..."

"Unaniuliza mimi au unaiuliza karatasi?"

Masikio ya binti yakapata moto. Yule mama akamtupia gauni la bluu na kiwembe. "Fumua mshono huo wa ubavuni. Mtu akiwa na kazi mkononi, mdomo husahau kuona haya."

Kweli, uzi ulipoanza kuachia, na maneno yakaachia. Binti alieleza habari za msimamizi, za kikao, hata za mdogo wake na ufagio. Fundi alisikiliza huku cherehani kikikimbia na kusimama, kisha naye akaanza.

Zamani alikuwa muuza tiketi kwenye ukumbi wa sinema. Mama yao alipika hospitalini na alirudi wao wamelala, kwa hiyo alikwenda kazini na mdogo wake wa miaka sita. Mwenye ukumbi alikataza watoto kuingia kwenye filamu za kutisha. Basi mtoto alikaa kwenye kreti ya soda, nje ya ukumbi, nyuma ya pazia zito. Sauti zote alizisikia. Picha hakuona hata moja, kwa miaka minne.

"Miaka minne hivyo?" binti akauliza. Aliona jedwali lake linazama na miezi yake saba.

"Minne. Na njiani tukirudi ni maswali tu. Dada, nani kalia vile? Dada, kilichoanguka nini? Kama wewe, ila yeye hakuwa na karatasi."

"Nawe ulimsimulia?"

"Ningefanyaje? Bila hivyo hatembei."

Binti akashusha pumzi. Basi filamu zilimfikia mwongozaji kwa mdomo wa dada yake. Huyu ndiye shahidi. Akafungua jedwali haraka. "Kuna tukio moja sijalipatia chanzo. Lile maarufu. Nyayo za maji zinapita sakafu kavu mpaka kitandani, na anayetembea haonekani. Ilikuwa filamu gani, mama?"

Cherehani kikasimama.

"Hakuna," akasema fundi.

"Hakuna vipi?"

"Hakuna filamu. Mtoto alikuwa hataki kunawa miguu. Anapanda kitandani na miguu kama ya mchimba visima, na mashuka nafua mimi. Nikamwambia filamu ya leo ina mzuka aliyekufa hajanawa, sasa anapita nyumba kwa nyumba miguu inachuruzika, anakagua vitanda. Tangu siku hiyo alinawa mpaka mama akauliza kama anaumwa."

Binti alicheka mpaka kiwembe kikamponyoka. Hakukumbuka mara ya mwisho kucheka hivyo mbele ya mtu asiyemjua. "Na mlango unaojifungua?"

"Alikuwa hafungi mlango."

"Kicheko cha ukutani?"

"Alikuwa anachungulia kwa jirani."

"Lakini kwa nini hukumsimulia za kweli?"

Yule mama alivua miwani, akaifuta kwa kipande cha kitambaa, ingawa ilikuwa safi. "Sikuziona. Nikishauza tiketi nilisimama nyuma, picha ikianza tu najifunika mtandio usoni. Mimi ni mwoga, mwanangu. Hata filamu za mdogo wangu sijaziona. Nasubiri watu watoke, nawauliza."

"Yeye anajua?"

"Ajue wapi? Kila akihojiwa anazishukuru zile filamu. Leo uandike kwamba mtu mzima na mvi zake alikuwa anashukuru mzuka wa kunawisha miguu? Watamcheka."

Shahidi alikuwa amepatikana, lakini kumtumia kulikuwa kumvua nguo mama wa watu. Binti alimfikiria mdogo wake. Alimfikiria kwa muda mrefu. Kisha akaikunja karatasi ya maswali mara mbili, akaitia mfukoni.

"Usipotaka, mama, siandiki."

Fundi akamtazama. Alishona mishono mitatu minne, akasimama tena, akachukua simu, akampigia mdogo wake. "Siri yangu, niitoe mwenyewe." Akaiweka juu ya meza, sauti wazi, mikono yake ikibaki kwenye kitambaa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Yule mzuka wa nyayo hakuwemo."

"Kwenye filamu gani?"

"Kwenye yoyote."

"Na wa kicheko?"

"Huyo pia."

"Na bibi wa ngazini?"

"Ulivunja kikombe ngazini. Nilikutungia wote. Mimi nilikuwa najifunika uso. Nisamehe, baba."

Fundi akaitazama simu kuona kama imekatika. Kisha mwongozaji akasema taratibu, "Nimezitafuta zile filamu miaka ishirini, dada. Nikazipata zote. Kila nikiangalia, yale mazuri hayamo. Nikajua zimekatwa. Nimewalaumu wakaguzi wa filamu bure."

Fundi akaanza kucheka, machozi yakaanguka juu ya pindo alilokuwa akishona.

"Yupo hapo yule mwanafunzi?"

"Nipo," binti akasema.

"Andika. Na yeye umwandike kwanza, mimi baadaye. Kila aliyeniuliza nilimwambia akamuulize dada. Wewe ndiye wa kwanza kwenda. Asante, mwanangu."

Kwa wiki mbili binti alifuta upande wote wa kulia wa jedwali, na badala ya filamu za mbali akaandika miguu, mlango, jirani, kikombe. Msimamizi alisoma akiwa amesimama, kisha akavuta kiti.

"Shahidi wako ni fundi cherehani?"

"Ndiyo, mwalimu." Safari hii alimtazama usoni.

"Aliona filamu ngapi?"

"Hakuna aliyoiona."

Msimamizi akatikisa kichwa, lakini akatia saini, na kikao kikapita salama.

Kitabu kilipotoka kujalidiwa, nakala ya kwanza binti aliipeleka dukani. Fundi alisema macho yake yamechoka, asomewe. Binti akasoma ukurasa wa shukrani, polepole, bila kuficha sauti kwenye kola.

"Umesema asante mara nne," fundi akasema. "Moja ilitosha."

"Moja ni yangu, mama. Zilizobaki ni za mdogo wangu. Anaanza chuo Jumatatu."