Cheti Juu ya Mafiga

"Shika kigoda vizuri, mke mwenzangu, nisije nikamfuata babu yako kabla ya intavyuu," alisema Bibi Pelagia, mikono yake ikipapasa uchagani, juu ya mafiga.

Rhobi alicheka, akakishika kigoda kwa mikono miwili. Bibi hakuwa amekisikia kicheko hicho tangu Krismasi. Jana simu ilikuwa imelia: kampuni moja ya maziwa mjini Musoma ilimwita kwenye usaili Alhamisi asubuhi, aje na vyeti halisi. Kwa miaka minne, tangu amalize shahada yake ya usimamizi wa biashara, barua zake zilikuwa zimekwenda Bunda, Butiama, hata Mwanza, kila moja na nakala yake, na hakuna ofisi iliyowahi kutaka kukiona cheti chenyewe. Hii ilikuwa ya kwanza. Huenda ingekuwa ya mwisho pia, maana tangazo lilitaka wasiozidi miaka thelathini, na Rhobi alikuwa anatimiza thelathini na moja mwezi ujao.

"Hiki hapa." Bibi alishuka na furushi jeusi kwa masizi. "Mbegu zangu nimewekaga hapo tangu nimeolewa. Fukusi hajawahi kuonja hata punje."

Alifungua fundo. Kulikuwa na mtama, ulezi na magunzi matatu ya mahindi yenye punje zake, na katikati, palipo salama kuliko pote, bahasha. Mchwa wa nyumba ile walishakula cheti cha ubatizo cha marehemu mama yake Rhobi. Kwa hiyo siku mjukuu alipoleta karatasi ile kutoka chuoni na kusema, "Bibi, nitunzie," Pelagia hakufikiri mara mbili. Ng'ombe wote wa mahari ya mama yake Rhobi walikuwa wameuzwa kwa ada, wakageuka karatasi hiyo moja. Aliipeleka mahali panapokaa mbegu.

Rhobi aliitoa. Akaielekeza karatasi mlangoni, kwenye mwanga.

Ilikuwa na rangi ya chai iliyokolea, kingo zake zimejikunja kama jani la tumbaku. Jina lilisomeka. Muhuri ulikuwa doa tu, na namba ya chini ilikuwa imemezwa na moshi.

"Unaona? Hakuna hata tundu moja," Bibi alikuwa bado anasema. Kisha akamwona mjukuu anavyousugua muhuri kwa kidole. "Imeharibika?"

"Hapana, bibi. Imeiva kidogo tu."

Asubuhi ya Alhamisi Pelagia alijifunga kitenge chake cha kanisani.

"Bibi, kwenye intavyuu watu hawaendagi na bibi zao."

"Nitakaa getini. Wakiuliza, nitawaambia kosa ni langu."

Walipita pale wanapoanika dagaa, ambapo kila siku Rhobi hufukuza kunguru. Luhende, jirani yao, alikuwa anatengeneza wavu. Kijijini Mugango ndiye aliyempa Rhobi jina la Meneja, na watu wote wakalichukua.

"Meneja!" aliita. "Leo kunguru watasimamiwa na nani?"

Rhobi aliinamisha kichwa. Luhende akaiona bahasha mkononi mwake. Akaweka wavu chini, akaokota debe tupu na fimbo.

"Nendeni," alisema. "Nitawafukuza mimi."

Mjini, nje ya geti la kampuni, walikuwepo vijana zaidi ya mia, na nafasi zilikuwa mbili. Wote walikuwa wamepiga pasi, wote na bahasha nyeupe. Mlinzi, mzee aliyeitwa Magige, alimwangalia Pelagia miguu, akamtolea kiti chake mwenyewe na kummiminia chai kwenye kifuniko cha chupa yake.

"Umemleta nani, mama?"

"Mjukuu. Yule mrefu."

"Atapata, Mungu akipenda."

Jina la Rhobi liliitwa. Alipopita karibu, katikati ya manukato ya vijana wale, Pelagia alisikia harufu ya jiko lake.

Chai ilikuwa haijapoa Rhobi alipotoka. Alikuwa anatabasamu.

"Mara hii?"

"Wameuliza, nimejibu. Watapiga simu, bibi."

"Na cheti?"

"Hata hawakukijali. Wamesema kinasomeka."

"Nilijua," Pelagia alisema, akaanza kumshukuru Mungu. Ndipo msichana mmoja akaja mbio kutoka ndani, ameshika kalamu.

"Dada Rhobi, umesahau hii. Pole jamani. Wangekupa hata siku moja ulete barua ya chuo! Hata kukukalisha hawakukukalisha."

Rhobi alipokea kalamu bila kuinua macho. Pelagia alikuwa ameinama. Fundo la kitenge chake lilikuwa limelegea ghafla, na alilifunga, akalifungua, akalifunga tena, mpaka msichana akaondoka.

"Alikuwa anasemaje yule? Masikio yangu haya."

"Anatutakia safari njema."

"Mtoto mwema," alisema Pelagia. Alimrudishia Magige kifuniko cha chupa, akamshukuru kwa mikono miwili.

Walipofika nyumbani, Rhobi aliingia jikoni moja kwa moja, akailaza bahasha katikati ya mbegu, akafunga fundo kama lilivyokuwa, akapanda kigoda.

"Hapa ndipo pake, bibi. Mdudu hafiki." Akashuka, akapangusa masizi, akaenda kuanua dagaa.

Pelagia alibaki anatazama furushi. Mikono iliyoliweka pale ilikuwa imeliweka kwa upendo, naye hakuweza kuliondoa. Akainama, akakumbatia figa la kwanza. Lilikuwa zito kuliko alivyolikumbuka. Alilitoa nje, akalitua uani, akapumzika, akarudi kuchukua la pili.

Luhende alimkuta na la tatu mikononi.

"Mama, wingu lile la ziwani hulioni? Utapikia nje?"

"Naliona, baba. Nisaidie."

Alimsaidia bila kuuliza. Baadaye Pelagia alichuchumaa peke yake, akapanga kuni, akapuliza mpaka moto ukashika. Moshi ulipanda moja kwa moja, haukugusa kitu. Tone la kwanza lilianguka juu ya figa, likachemka, likakauka. Akasogeza kitenge kichwani, akaweka sufuria.