Nyota ya Chiku

Uweso, fundi bati wa mtaa wa Nguvumali, alikuwa akicheka na kila kitu, maana yaliyomfika duniani yangemliza mpaka akauke. Mwaka ule wa 1958, Mwalimu Mwanasiti alipomletea debe tupu la mafuta ya taa akataka aligeuze mbingu, Uweso alishika kiuno.

"Mbingu nzima, Mwalimu? Kwa debe moja?"

"Utalitoboa, ndani tutaweka kandili, darasa tutalitia giza. Watoto waone nyota mchana. Hukusikia Warusi mwaka jana wamerusha nyota ya chuma?"

"Nimesikia, na imeshaanguka. Wangeniita mimi niilehemu, ingekuwa juu mpaka leo."

Basi watoto wa darasa wakawa wanakuja kibandani mmoja mmoja. Mtoto anataja jina lake, Uweso anapiga msumari: tundu moja, nyota moja. Jirani yake, Bi Kijakazi, akapita, akasimama.

"Uweso, nyota ya mtu hupigiliwa msumari? Unawafunga watoto wa watu!"

"Shikamoo, Bibi. Debe la mafuta ya taa hili. Likimfunga mtu, litamfunga jikoni."

Watu wakacheka, naye akacheka kuliko wote. Lakini ilipofika zamu ya Chiku, mambo yakawa mengine. Chiku alikuwa binti yake, mtoto pekee aliyebaki hai katika watatu, na siku hiyo alikuwa kitandani na homa. Uweso alisimamisha msumari juu ya bati, akainua nyundo, mkono ukakataa. Akapasugua mahali pale kwa kidole gumba, akapaacha laini vile vile. Jioni akamwambia mtoto, "Yako nimeipiga ya mwisho, karibu na ukingo."

Siku ya maonyesho mvua ilikuwa ikipiga mabati ya shule tangu alfajiri. Madirisha yamezibwa kwa magunia ya mkonge. Juu ya vichwa vya watoto kimetandazwa kitambaa cha bafta nyeupe, Mzee Pirbhai mwenye duka kaiazimisha. Bafta ile ile ya sanda. Uweso aliitazama, akatafuta mzaha, akaukosa. Chiku alikaa benchi la mbele, homa imemwacha shingo nyembamba.

Debe liliwekwa juu ya gurudumu la baiskeli lililolazwa. Kandili ikawashwa, na nyota za manjano zikatapakaa juu ya bafta. Watoto wakaguna kwa pamoja. Mwalimu akaita majina, kila mmoja akaonyesha yake.

"Chiku binti Uweso!"

Uweso alifungua kinywa akiri.

"Ile pale, Mwalimu!" Chiku akamuwahi. "Karibu na ukingo."

Kweli ilikuwapo. Ndogo, nyeupe, si ya manjano kama zingine. Uweso akapapasa debe. Pale mahali palikuwa laini bado, hapana tundu.

"Haya fundi, zungusha."

Akazungusha. Nyota zote zikasafiri, zikapita kutani, zikapita nyusoni mwa watoto. Ile nyeupe ikabaki.

"Chiku, yako imesimama!" Idarusi wa benchi la nyuma akapayuka. "Imekufa hiyo!"

"Kimya!" Mwalimu alisema. "Ni tundu la paa, jua linapenya."

Hakuna aliyemuuliza jua lipi. Paa lile Uweso aliliezeka mwenyewe, na mvua haijakatika.

Akapanda juu ya benchi. Akaweka kiganja chini ya ile nyota, mwanga haukumwangukia. Akapitisha mkono juu ya bafta, haukumwangukia. Mwanga ulikuwa ndani ya kitambaa chenyewe, na ulikuwa baridi.

"Baba," Chiku alisema kule chini, "mbona umenishika kichwa?"

"Sijakushika, mwanangu."

"Umenishika. Mkono wako baridi."

Uweso akautoa mkono upesi. Chiku hakupepesa jicho. Alikaa ameinamisha sikio, kama mtu anayenong'onezwa.

Fundi akaruka chini, akatoa msumari na nyundo kikapuni mwake. Debe lilikuwa la moto, vidole vikamwungua, hakuviondoa.

"Chiku, taja jina lako."

Chiku akazidi kuinamisha sikio.

"Taja jina lako, mama!"

"Chiku." Sauti ilitoka kama ndani ya mtungi.

Akapiga pale palipokuwa laini. Gurudumu likazunguka kwa lile pigo, na nyota mpya ya manjano ikachomoka, ikatambaa juu ya bafta, ikapita juu ya ile nyeupe. Ilipokwisha pita, nyeupe haikuwapo.

Chiku akapiga chafya. "Baba! Yangu inatembea!"

Watoto walipotoka, Uweso na bintiye walibaki kuikunja bafta. Karibu na ukingo wakakuta tundu moja la duara, upana wa msumari.

"Chiku, nilikudanganya," Uweso alisema. "Yako sikuwa nimeipiga."

"Najua. Yule aliyenishika aliniambia." Mtoto aliliweka tundu jichoni, akachungulia upande wa pili. "Alisema kama wewe huna msumari, yeye anao."