Fuwele Iliyoishia Sufuriani

"Yaani umeitia kwenye maharage?"

"Chumvi nitie wapi tena, kwenye chai?" Mama Pacha alikuwa amejaa mlangoni kwake, mwiko mkononi. "Nimeishiwa, duka limefungwa, nikaingia kwako kama siku zote. Kosa langu liko wapi?"

Mwalimu alishika fremu ya mlango. Ile ilikuwa fuwele moja nzima ya chumvi, angavu kama kioo, ya mwisho kukuzwa na marehemu mumewe. Alikuwa akiitunza dirishani mpaka maabara itengeneze mashine yao ya zamani, aipime.

Enzi hizo walipima wawili. Mume akipampu mafuta yaibane fuwele pande zote, mke akipitisha sauti ndani yake na kutazama inavyofifia.

"Ndani humu kuna safu za atomu zilizokaa kombo," mume aliwaambia wanafunzi waliojazana sebuleni kwao. "Safu ikisogea, atomu zinazotikisika zinaipunguza mwendo, kama mtu anayepita na sinia katikati ya watu wanaocheza. Sasa wabane hao watu mpaka viwiko visinyanyuke. Sinia linapita."

"Au linabanwa nalo," mke angedakia, na ubishi ungewaka mpaka birika likauke. Siku hizi nyumba ni kimya; friji ikikohoa tu, anashtuka.

"Na mwenyewe ndiye aliyeniambia niichukue," Mama Pacha akasema, sauti imeshuka.

"Mwenyewe nani?"

"Mumeo. Ilimponyoka sakafuni. Akasema kwa nje nzima, ndani imevurugika, kipimo kitadanganya. Akanambia, ukikosa chumvi siku moja, hiyo hapo, ila mke wangu asijue, atanila mbichi."

Mwalimu aliutazama ule mwiko. Miaka yote hiyo alikuwa akiifuta vumbi.

"Mjinga yule," akasema. "Angeniambia tu. Tungeipasha moto tanurini, tukaipoza polepole, ingetulia."

"Alikuogopa, mwenzangu."

"Mimi?"

"Wewe. Mtaa mzima ulijua, ila wewe."

Kicheko kilimtoka Mwalimu bila kuombwa, kikamletea machozi, akayafuta kwa ncha ya khanga. Kutoka ndani sauti za watoto na mashemeji wa Mama Pacha zilikuwa zikiuliza kulikoni huko mlangoni.

"Wote hao wanangoja umalize kunigombeza," Mama Pacha akasema, akampisha. "Ingia ule."