Mstari wa Arobaini na Moja

Baba mkubwa Gawie aliimwaga baruti yangu wiki saba mfululizo kabla hajaniruhusu kukamilisha risasi hata moja. Kila Jumamosi, katika banda la kunyolea kondoo, wimbo ulikuwa huo huo.

"Umeangalia mizani?"

"Nimeangalia."

"Umeiangalia, au umeitazama tu?"

Kisha anageuza ganda la risasi, anairudisha baruti koponi, na mimi naanza upya huku nikisaga meno.

Bunduki ilikuwa ya babu wa baba yangu, ya Kijerumani, chuma cha zaidi ya miaka mia. Ukoo wa Vlok una sheria moja juu yake: anayeitunza lazima apige risasi kumi kila mwaka, siku ukoo unapokutana shambani Droëkloof, na risasi hizo azitengeneze mwenyewe. Za dukani hazikubaliki. Ukipisha zamu, bunduki inahamia kwa anayefuata kwenye orodha. Baba aliitunza miaka ishirini na miwili. Alipofariki nilifuata mimi, na nyuma yangu alikuwepo binamu yangu Wessel, ambaye alikuwa ameshanunua kabati la chuma la kuiwekea.

Kwa hiyo nilivumilia. Unachukua ganda la shaba lililokwisha kupigwa, unalisafisha, unalirudishia umbo kwenye mtambo wa mkono, unapachika kitakoni fataki mpya ya kuwashia baruti, unapima baruti, unaimimina, halafu unakandamiza kichwa cha risasi mdomoni mwake. Ukilisimulia hivi, jambo linaonekana rahisi kama kupika uji. Shida ni kwamba chuma kikuukuu hakitaki baruti nyingi. Kipimo chetu hakikujaza hata nusu ya ganda, na ukikosea ukamimina mara mbili, ganda linapokea kimya kimya. Halifuriki, halikuonyi. Utakuja kuonywa siku komeo la bunduki litakapokurudia usoni.

"Ndiyo maana kila ukimimina unachora mstari daftarini," Baba mkubwa aliniambia. "Na kabla hujafunga, unamulika tochi ndani."

Asubuhi ya siku ya ukoo nilikuwa bandani natengeneza arobaini: kumi za zamu yangu, nyingine za akiba. Nilikuwa katikati ya kazi aliposimama mlangoni Shangazi Rensche, mkono ameshaunyoosha. Kwetu mgeni hasubiri. Unaacha ulichoshika, unampa mkono, unambusu mdomoni, unammiminia kahawa, unachovya naye mkate mkavu, na unaulizwa kwa nini huolewi. Mwanamke anayesema "ngoja kidogo, Shangazi" husemwa mpaka siku ya mazishi yake.

Nilisimama. Nikampa mkono.

Niliporudi, dakika ishirini baadaye, tochi sikuiona. Nilikuwa nimeiacha jikoni kando ya birika. Sikutaka kurudi kule nikaulizwa tena habari za mchumba. Nikategemea mwanga wa dirisha, nikamaliza.

Saa tisa alasiri, kwenye uwanja wa kulengea nyuma ya pampu ya upepo, Baba mkubwa akaomba daftari aweke sahihi. Alihesabu kwa ncha ya kalamu. Akahesabu tena.

"Maganda mangapi, Hesma?"

"Arobaini."

"Mistari ni arobaini na mmoja."

Ama nilichora mstari wa ziada, ama kati ya zile arobaini kulikuwa na moja iliyolishwa mara mbili.

"Zipime uzito," Wessel akasema.

"Maganda ni ya mchanganyiko, kila moja na uzito wake," nikamjibu. "Mizani itabahatisha tu."

"Basi zitikise usikilize."

"Wessel, hizi si njuga."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Arobaini, moja mbaya, na unahitaji kumi. Hofu ya nini?"

"Lala chini uzipige wewe."

"Si zamu yangu," akasema. "Bado."

"Kumbe hata kichwa chako hakikujazwa nusu!" nikamrushia.

Kicheko kikazidi. Baba mkubwa ndiye aliyekuwa akiita zamu, akaita kwa sauti ya kanisani: "Hesma Vlok, kwenye mstari!"

Nilimtazama usoni nikitafuta msaada. Alikuwa anaangalia vilima.

"Baba mkubwa, si wewe uliyenifundisha?"

"Nilikufundisha uhesabu ukiwa bandani, siyo mbele ya watu sitini."

Nikazikusanya risasi zangu zote arobaini.

"Napisha," nikasema.

Nilikaa nyuma ya pikapu na nyundo ya plastiki yenye tundu, ya kufungulia risasi. Unatumbukiza risasi, unagonga gogo mara tatu, nne, mpaka ifunguke, kisha unapima baruti iliyotoka. Huku nyuma bunduki ya baba ikaanza kulia mikononi mwa Wessel, kwa risasi alizokuja nazo, alizotengeneza mwenyewe. Nilihesabu milio bila kutaka. Kumi, yote safi.

Ya kwanza, kipimo kimoja. Ya kumi, kipimo kimoja. Nilipofika thelathini nilianza kuomba, Mungu anisamehe, niikute. Nilitaka iwepo. Harufu ya kondoo juu ya makaa ilikuwa imejaa kote, na hakuna aliyekuwa amekula, maana kwetu haliliwi tonge kabla bunduki haijapata mtunzaji na watu hawajapeana mikono. Nikafungua ya arobaini.

Kipimo kimoja, sawasawa.

Wessel akaja, bunduki begani. "Imepatikana?"

"Hapana."

Safari hii kicheko kilikuwa cha chini chini, kile kibaya zaidi. Shangazi Rensche akanishika bega. "Mwanangu, waombe radhi watu. Umewakalisha juani, umemtukana binamu yako, na risasi zote zilikuwa nzima."

"Neno moja tu, Hesma," Baba mkubwa akasema. "Mpe Wessel mkono, tule, yaishe."

Vidole vyangu vilikuwa vyeusi kwa baruti. Machozi yalikuwa karibu, nikayakatalia.

"Ningeikuta mngesemaje?"

"Hukuikuta," akasema Wessel.

"Sikuikuta. Na mkiniletea kesho arobaini nyingine zenye mstari mmoja wa ziada, nitazivunja zote mbele yenu, nyama na ipoe. Bunduki ya baba imeondoka mikononi mwangu, na inaniuma kuliko mnavyojua. Mkono nitampa. Radhi siombi."

"Hesma..."

"Siombi."