Maji ya Chumvi Chini ya Mjakaranda

Mwezi wa kumi mitaa yote ya Troyeville, kitongoji cha wahamiaji kusini mwa Afrika, iligeuka zambarau kwa maua ya mijakaranda, isipokuwa mti wa Thérèse. Haukuwa wake hasa. Ulikuwa mjakaranda wa bustani ya jiji, lakini kila Jumamosi asubuhi kundi lake la maombi, wanawake wa Bukavu, Uvira na Lubumbashi, walikusanyika chini yake, tangu mwenye jengo alipowafukuza kwenye chumba cha chini kwa sababu ya kelele. Sasa matawi ya upande mmoja yalikuwa makavu, na nyasi kuzunguka shina zimekufa, ardhi wazi kama kichwa kilichonyolewa.

Bustani ile ilikuwa ndogo na watu waliitumia kwa makubaliano. Asubuhi ya Jumamosi ni ya wanawake wa maombi, mchana ni wa watoto na mpira wao, na Jumapili Watanzania wananywa kahawa kwenye benchi la saruji. Bakiri, mtu wa Dar es Salaam, aliosha magari kwenye kona ya lango siku zote za wiki. Kila mmoja alikuwa na sehemu yake ya matunzo. Wanywa kahawa walitengeneza uzio, Bakiri aliokota chupa na takataka, wanawake walifagia na kuumwagilia mti. Jiji lilileta mashine ya kukata nyasi lilipokumbuka. Aliyeshika makubaliano hayo ni Mzee Mahmoud wa Tanga, fundi viatu, mtu asiyepandisha sauti.

Mwaka ule, 2016, mvua zilikuwa zimegoma na bomba la bustani lilifungwa. Wanawake hawakuuacha mti ufe kwa kiu. Kila mmoja alikuja na chupa ya maji, yakachanganywa kwenye beseni pamoja na chumvi ya mawe, yakaombewa, kama walivyofundishwa kwao. Wagonjwa walinywa, wengine walijipaka usoni. Yaliyobaki hayakumwagwa mtaroni, maana kitu kilichoombewa hakitupwi penye uchafu. Waliyamimina kwenye shina la mti. Thérèse alifurahi kuona kwamba wanaheshimu maji na kutunza bustani kwa tendo moja.

Mti ulipoanza kukauka, Mahmoud aliwaita wote kwenye benchi la saruji. Watu walikuwa na hofu, kwani mtu wa jiji alikuwa ameshasema kwamba bustani ikiendelea kuharibika itafungwa kwa kufuli. Mmoja akataja sabuni ya Bakiri, na wengine wakaitikia. Bakiri akawaambia maji yake yanateremka kwenda barabarani, hayawezi kupanda hadi kwenye mti. Akawaomba wageuke tu watazame mteremko. Hakuna aliyegeuka. Mahmoud akamwomba Thérèse aseme, kwa kuwa mti ulikuwa mikononi mwa kundi lake.

"Mimi sijui mambo ya miti, Mzee," Thérèse alisema. "Ila sisi tunaumwagia maji yaliyoombewa. Yeye anamwaga sabuni."

Bakiri akamgeukia Thérèse, akacheka kidogo. "Basi Mama Gaëlle, ungenidokeza mapema. Na mimi ningeiombea sabuni yangu."

Watu walicheka, Thérèse naye akatabasamu. Kabla jua halijazama, Bakiri alikuwa ameambiwa aondoe ndoo zake.

Jumamosi zilizofuata wanawake waliuombea mti. Waliomba adui wake awekwe mbali, wakalitaja jina la Bakiri ili ombi lisikosee njia. Brigitte, mwenye sauti kuliko wote, alishauri waongeze chumvi. Wakaongeza.

Habari za Bakiri zililetwa na Mahmoud. Baada ya kukosa mahali, alikwenda kufuta vioo vya magari kwenye roboti, taa za barabarani za Hillbrow. Siku moja taksi iliruka taa nyekundu ikamponda mguu. Brigitte alinong'ona kwamba Mungu hachelewi kujibu. Thérèse alianzisha wimbo kabla wengine hawajaitikia.

Kisha mvua zikaja kwa fujo. Thérèse alipoingia bustanini Jumamosi ile, jicho lake lilikwenda langoni bila yeye kutaka. Kwenye kona ya Bakiri nyasi zilikuwa zimeota, nzito na kijani. Chini ya mjakaranda hapakuwa na hata jani.

Aliomba pamoja na wenzake, akarudi nyumbani. Kwenye roshani ya fleti yake alikuwa na ndoo mbili za lengalenga, mchicha wa kwao. Moja ilikuwa imestawi. Ya pili, ile iliyokuwa karibu na mlango, mashina yake yalikuwa yamelala, na juu ya udongo pameganda utando mweupe. Akamwita binti yake Gaëlle, akamuuliza alichokifanya. Gaëlle alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba alimwaga humo maji ya maombi yaliyobaki kwenye chupa, kwa sababu mama mwenyewe ndiye aliyemkataza kuyamwaga kwenye sinki.

Thérèse alichota udongo kwa ncha ya kidole akaulamba. Ulikuwa chumvi tupu. Alikaa chini palepale mlangoni, na Gaëlle alipomuuliza kama anaumwa, alisema hapana.

Alijua kinachomngoja. Akisema, kundi litakosa mahali, na hakukuwa na pengine. Asiposema, Bakiri atabaki ndiye aliyeua mti. Alilala na jambo hilo, akaamka nalo, kisha akawaita wanawake kwenye fleti yake akawaeleza. Walimsikiliza hadi mwisho. Brigitte akasimama.

"Ile chumvi tuliiombea, mama. Kitu cha Mungu kitaua mti namna gani? Sema tu umechoka kutuongoza."

Wengine walitazama chini. Wachache walimfuata Brigitte nje. Thérèse alishika njia kwenda kwa Mahmoud.

Mzee alimsikiliza akiwa na kiatu cha mtu mapajani. Hakumlaumu. Alisema hata yeye siku ile angeweza kugeuza shingo na kutazama mteremko, haikuwa kazi kubwa. Kisha akasema Jumamosi asubuhi haitakuwa tena ya maombi, na kwamba jiji linakuja kuukata mti kabla haujamwangukia mtoto. Thérèse aliitikia. Akamwomba ampeleke kwa Bakiri.

Walimkuta Hillbrow, ghorofa ya juu ya jengo ambalo lifti yake ilikufa zamani, amelala kwenye godoro, mguu kwenye plasta. Mahmoud alimwambia kona yake inamngoja. Bakiri akautazama mguu wake, akauliza kama na ngazi za jengo hili zitamngoja. Mahmoud alijaribu kucheka, hakuweza.

Thérèse akasema alichokuja kusema. Alikisema polepole, kuanzia beseni, na maombi juu ya adui wa mti, hadi kidole mdomoni, bila kujitetea. Chini barabarani taksi zilikuwa zikipiga honi.

"Mlipoomba adui wa mti awekwe mbali," alisema hatimaye, "mlinitaja kwa jina?"

Mahmoud akageuka kumtazama Thérèse. Angeweza kusema hapana. Hakuna wa kumsuta mle chumbani.

"Tulikutaja, kaka."

Bakiri aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelekezwa njia. Kisha akaugeuza uso ukutani, akawaomba wakitoka waurudishe mlango.

Mti ulikatwa wiki hiyohiyo. Jumamosi, kama kawaida ya mwili wake, Thérèse aliamka mapema, akajaza ndoo maji matupu ya bomba, akateremka nayo hadi bustanini. Aliyamimina polepole kuzunguka kisiki. Ardhi haikuyanywa. Yalisimama juu yake, yakiwa na vumbi la mbao, na yeye akasimama pembeni, ndoo mkononi, akiyangoja.